Timu bila mtani haina mwenyewe

Azam FC ina karibu kila kitu ambacho wapenda soka wa Tanzania wamekililia kwa miaka mingi. Ina uwanja wake pale Chamazi, ina akademi, ina mmiliki mwenye fedha na subira. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2008, na msimu wa 2013/14 ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo hata mmoja. Ukipiga hesabu za mezani, mtoto aliyezaliwa Mbande au Mbagala mwaka ule alitakiwa leo awe analala na jezi ya buluu na nyeupe. Halali nayo. Msimu wa 2023/24 Yanga ilipoutumia uwanja huohuo wa Chamazi kwa mechi zake za nyumbani, majukwaa yalijaa kijani na njano, na mpita njia asingeweza kujua mwenye nyumba ni nani na mpangaji ni nani.

Vijiweni sababu hazikosekani. Wapo wanaosema Azam bado changa, wapo wanaosema ni timu ya kampuni isiyo na wanachama, wapo wanaolaumu umbali wa Chamazi na foleni ya Barabara ya Kilwa. Kila moja ina chembe ya ukweli. Sababu ninayoiona mimi ni fupi zaidi: Azam haina mtani. Ikishinda, hakuna jirani anayepita uchochoroni ili asionekane. Ikifungwa, hakuna anayesubiriwa kwenye kona na kundi la watu wenye kahawa mkononi. Na katika jiji hili kuipenda timu ni nusu tu ya ushabiki. Nusu ya pili ni kuwa na mtu wa kumwambia.

(Mwandishi naye ana upande wake. Hautatajwa hapa, na wanaoutafuta katikati ya mistari wasijisumbue.)

Mto wa huyu, nyumba ya yule

Wenye mtani ni Yanga na Simba. Yanga ilianzishwa mwaka 1935. Simba wanahesabu kuanzia 1936, na simulizi za wazee wa pande zote mbili zinakubaliana, kwa shingo upande, kwamba hawa walikuwa kitu kimoja kabla ya kugombana. Waliojitenga walijiita Queens, baadaye Eagles, kisha wakachukua jina la klabu ya Uingereza na kuwa Sunderland, mpaka mwaka 1971 walipolitupa na kuwa Simba. Hadi leo utamkuta babu mmoja Ilala au Magomeni anayeitaja Sunderland kana kwamba mabadiliko hayo ni ya juzi na yeye hakuulizwa.

Hawakwenda mbali. Makao makuu ya Simba yako Mtaa wa Msimbazi, ya Yanga yako kwenye mitaa ya Twiga na Jangwani, na kutoka jengo moja hadi jingine kwa miguu ni mwendo mfupi ndani ya Kariakoo. Katikati kuna maduka ya vitenge, vipuri, simu na jezi, na wenye maduka hayo huuza jezi za pande zote mbili bila aibu. Biashara ndiyo eneo pekee ambapo Mnyama wa Msimbazi na Mwananchi wa Jangwani hukubaliana jambo haraka.

Kuna kichekesho cha jiografia hapa ambacho hakuna mtunzi angethubutu kukibuni. Mto unaopita karibu na Jangwani unaitwa Msimbazi. Kila masika ukifurika, maji yanaingia bonde la Jangwani, na kwa miaka mingi yamekuwa yakiuzamisha Uwanja wa Kaunda, ule uliopo klabuni kwa Yanga, mpaka ukaacha kufaa kwa mazoezi. Ndiyo maana Simba wanawaita watani wao vyura. Jina la nyumba ya huyu ndilo linalofurika kwenye nyumba ya yule. Yanga nao wana majina yao ya kujibu: zamani ilikuwa Mikia, siku hizi ni Makolo, na kila kizazi kina lake. Simba wakaongeza Utopolo. Hakuna anayeomba tafsiri wala anayeshtaki.

Klabu hizi zinakaribia miaka mia, na hakuna hata moja yenye uwanja wa kuchezea mechi kubwa. Zina majengo Kariakoo, zina viwanja vya mazoezi, Simba Bunju na Yanga wakijificha Kigamboni, lakini dabi huchezwa kwenye uwanja wa serikali: zamani Uhuru, ule wanaouita Shamba la Bibi, na tangu 2007 uwanja mkubwa wa jirani unaobeba watu 60,000, ambao mwaka 2020 ulipewa jina la Benjamin Mkapa. Mtu wa nje huuliza inakuwaje mapenzi makubwa hivi yashindwe kujenga ukuta. Ni swali zuri, na wenye klabu wamelikwepa kwa ustadi miaka yote hiyo. Sehemu ya jibu ni kwamba mapenzi yenyewe hayakuwahi kuwa mapenzi ya mahali. Yalikuwa ya jina.

Waliohama na nyota

Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa miaka ya 1970. Yanga ilipasuka. Kambi moja iliitwa Kandambili na nyingine Raizoni, majina ya viatu, ya mvaa ndala na ya mvaa viatu vya soli nene vilivyokuwa fasheni wakati huo. Mwaka 1976 mgogoro ukazaa klabu mpya, Pan African, na kundi kubwa la nyota wa Yanga likaenda huko. Kwa mantiki ya mpira, mashabiki walipaswa kuwafuata wachezaji waliokuwa wakiwapigia makofi wiki iliyopita.

Julai 1977 Yanga iliyobaki, ikiwa na kikosi kilichoungwaungwa, ilikutana na Simba na ikapigwa 6-0. Abdallah Kibadeni alifunga mabao matatu peke yake. Hakuna matokeo mabaya zaidi katika kitabu cha dabi hii. Kama kulikuwa na siku ya kuihama Yanga, ilikuwa siku ile, na klabu ya kuhamia ilikuwepo, tena yenye nyota, tena ikicheza mpira mtamu. Pan ilitwaa ubingwa mwaka 1982. Lakini umati haukwenda. Leo Yanga ina mataji zaidi ya thelathini ya ligi, na Pan ni jina linalotajwa na wazee wanaojua kikosi chake kwa moyo kama watu wanaokumbuka kijiji walichohama.

Kwa nini hawakwenda? Kwa sababu Simba aliyewafunga sita alibaki akiwadai Yanga, hakuwadai Pan. Aliyehamia Pan alikuwa amekimbia deni. Aliyebaki alikuwa na sababu ya kuamka kesho yake: kusubiri siku ya kulipa.

Mbeya waliwahi kuonja kitu cha namna nyingine. Mbeya City, timu ya halmashauri ya jiji, ilipanda ligi mwaka 2013 na msimu uleule ikamaliza ya tatu, na ghafla mji ule ukawa na rangi yake. Watu waliacha kushika Simba na Yanga, angalau mdomoni, na kusafiri na timu yao. Ilikuwa raha kuitazama. Matokeo yalipopoa, wengi wakarejea walikotoka, na mwaka 2023 timu ikashuka daraja. Ilikuwa imependwa kwa kushinda, na ushindi ni mpangaji asiyesaini mkataba.

Sheria zisizoandikwa

Utani haukuanzia uwanjani. Watu wa pwani na watu wa bara, Wazaramo na Wanyamwezi kwa mfano, walikuwa wakitaniana tangu zama za misafara, kabla ya mpira wa ngozi kutua Dar es Salaam. Mtani anaruhusiwa kuingia msibani akasema jeneza halitoki mpaka apewe chochote. Anamwita marehemu mchoyo, anadai deni ambalo halikuwepo, na wafiwa wanacheka huku machozi hayajakauka. Atakayekasirika ndiye mwenye kosa.

Ushabiki wa jiji hili uliazima sheria hizo bila kikao. Ya kwanza ni kwamba aliyefungwa lazima ajitokeze. Fundi viatu asiyefungua kibanda Jumatatu baada ya dabi amefanya kosa kubwa kuliko la golikipa wake, na atatafutwa kwa simu, na simu isipopokelewa atafuatwa nyumbani, na mke wake ataulizwa kwa sauti ya upole sana kama mgonjwa anaendeleaje. Akijitokeza na kukaa kimya akipokea, ikifika mchana yameisha, ananunuliwa soda. Anayenuna ndiye huteseka mwezi mzima.

Ya pili ni kwamba namba hazifi. Mwaka 1968 Yanga iliifunga Sunderland 5-0. Mei 2012 Simba ililipa 5-0, siku ambayo hata kipa Juma Kaseja alifunga kwa penalti. Novemba 5, 2023 Yanga ikashinda 5-1, Maxi Nzengeli akiwa na mabao mawili, na siku mbili baadaye kocha wa Simba, Robertinho, hakuwa na kazi. Kwa wiki kadhaa ilitosha mtu kuinua kiganja kwenye daladala bila kusema neno. Konda akiomba nauli kwa vidole vitano, abiria wa Simba walikuwa wanaona wametukanwa. Vijana waliozaliwa baada ya mwaka 2000 wanazitaja sita za 1977 kwa uchungu au kwa fahari kana kwamba walikuwa jukwaani, na ile sare ya 3-3 ya Oktoba 2013, Yanga walipokwenda mapumziko wakiongoza 3-0, bado inasimuliwa na Simba kama ushindi na Yanga kama wizi wa mchana.

Sheria ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: mchezaji anaweza kuhama, kiongozi anaweza kuhama, shabiki hahami. Kelvin Yondani alitoka Msimbazi kwenda Jangwani. Emmanuel Okwi alivaa rangi zote mbili. Mrisho Ngassa alizunguka Yanga, Azam, Simba na kurudi Yanga. Clatous Chama, Mzambia ambaye Simba walikuwa wakimwimbia kama mtoto wa nyumbani, alivuka mwaka 2024. Kila mara wanaoachwa hulalamika kwa wiki moja, kisha wanagundua kwamba kumbe hakuwa mzuri kiasi hicho. Lakini mtaani kwako nionyeshe mtu mmoja, mmoja tu, aliyekuwa Simba kwa miaka ishirini akaamka Yanga. Hata aliyebadili dini anapatikana kwa urahisi zaidi.

Nyumbani ndiko sheria hii inakoonekana vizuri. Baba Yanga, mama Simba, na mtoto anagombewa tangu akiwa na miezi mitatu. Mjomba akiwahi kuleta jezi ndogo, kesi imeisha. Wapo wazazi waliokubaliana kuhusu shule, dini na mila za kumlea mtoto, wakashindwa hapo. Na tusidhani ni mambo ya wanaume peke yao: miaka ya karibuni wanawake wamejaa uwanjani, jezi zinakatwa kwa mitindo yao, na wengi wa wanaopiga makelele kwenye vibanda umiza siku za Jumamosi ni wale waliokuwa wakiambiwa zamani kwamba mpira hauwahusu.

Rangi ya mtani

Simba au Yanga ikicheza mechi ya Afrika, mtani huwa na timu nyingine, na timu hiyo ni yoyote iliyoko upande wa pili. Wageni hupata wenyeji wasiowajua, wenye jezi zao, wenye kuwaombea mema kwa machozi. Wageni hao huondoka wakidhani wana mashabiki wengi Tanzania.

Machi 2024 mambo yalifika pazuri. Katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba ilipangwa na Al Ahly ya Misri, Yanga na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, mechi za Dar zikichezwa siku mbili mfululizo. Waziri mwenye dhamana ya michezo akatoa kauli kwamba anayetaka kuvaa jezi ya wageni aje na pasipoti. Jiji likacheka. Ilionekana baadaye kwamba kauli yenyewe ilikuwa ni utani, ingawa si kila askari wa getini ana muda wa kupambanua utani. Ambacho hakikusemwa sana ni hiki: Al Ahly wanavaa nyekundu kama Simba, Mamelodi wanavaa njano kama Yanga. Kwa hiyo shabiki wa Yanga aliyetaka kuwaudhi Simba alilazimika kuvaa nyekundu, na wa Simba aliyetaka kuwaudhi Yanga alilazimika kuvaa njano. Kwa siku mbili watu walivaa rangi ambayo maisha yao yote walikuwa wakiikwepa hata kwenye mapazia. Simba ikafungwa bao moja bila. Yanga ikatoka suluhu, ikaenda Pretoria, ikatoka suluhu tena na kutolewa kwa penalti. Jumatatu hakuna aliyekuwa na la kumwambia mwenzake, na vijiwe vilikuwa na ukimya wa ajabu.

Tatizo la Afrika ni kwamba utani hauvuki mpaka. Mwarabu wa Tunisia hajui kwamba unamtania, na wewe hujui anachosema. Desemba 2024 Simba ilipocheza na CS Sfaxien ya Tunisia pale kwa Mkapa, mchezo ulimalizika kwa vurugu na viti vikang'olewa, na adhabu ikaja: Simba ikacheza mechi nyingine ya nyumbani bila mashabiki. Nisingependa kulifanya jambo hili liwe rahisi kuliko lilivyo. Viti viling'olewa pia Oktoba 1, 2016 kwenye dabi yenyewe, baada ya Amissi Tambwe, mtu aliyewahi kuwa wa Simba, kuifungia Yanga bao ambalo upande wa pili uliapa aliushika mpira. Serikali ikazifungia klabu zote mbili kutumia uwanja. Lakini tazama hasira ya siku ile ilielekea wapi: kwa mwamuzi. Mwamuzi naye hana mtani. Mashabiki hawa wanakaa jukwaa kwa jukwaa mara mbili au zaidi kwa mwaka, wakitukanana kwa dakika tisini, halafu wanapanda daladala moja kurudi Gongo la Mboto. Katika miji mingi ya dunia daladala hiyo ingehitaji polisi.

Si kwamba uwanja ni salama. Mei 28, 2023, siku ya mchezo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika kati ya Yanga na USM Alger ya Algeria, msongamano wa kuingia uliua mtu mmoja na kujeruhi wengine wengi. Hakupigwa na shabiki wa timu nyingine. Aliuawa na milango, mipango na pupa yetu ya kuingia wote kwa pamoja dakika za mwisho, na hilo ni jambo la wenye uwanja na wenye ligi kujibu.

Utani wa mshahara

Kilichobadilika zaidi katika miaka kumi iliyopita si uwanja wala wachezaji. Ni nani anayetania.

Zamani maneno yalizaliwa chini ya mwembe na kwenye vibaraza, yakapita kwa muuza kahawa, yakafika kwa mhariri wa gazeti la michezo yakiwa yameshakomaa. Hayakuwa na mwenyewe. Siku hizi kuna ofisi. Msemaji wa klabu ana kipaza sauti, ana kamera, ana wafuasi mtandaoni, na kazi yake ni kutunga kejeli ya wiki. Haji Manara ndiye aliyeifanya kazi hiyo iwe ya nyota. Akiwa Simba alieneza msemo wa kwamba kwa Mkapa hatoki mtu, na ukawa kama kanuni ya nchi. Mwaka 2021 akaondoka Simba, na mwezi Agosti akatambulishwa Yanga, timu ambayo baba yake, Sunday Manara, aliichezea kwa jina la Komputa kabla ya kwenda kusakata soka Uholanzi. Jana alikuwa akiwaita vyura. Leo akawa msemaji wa bwawa. Baada yake wamekuja Ahmed Ally kwa Simba na Ali Kamwe kwa Yanga, wote mahiri, wote wachekeshaji, na kabla ya mechi kubwa utawakuta wakizunguka vitongoji na spika kubwa kuhamasisha watu wanunue tiketi.

Ninakiri hawa wana vipaji, na viwanja vinajaa kwa sababu yao. Simba Day, iliyoanza mwaka 2009, na Wiki ya Mwananchi, iliyofuata miaka kumi baadaye, zimekuwa sikukuu za jiji kila mwaka. Hata hivyo naona kitu kimepotea. Mtani wa mtaani alikuwa na mpaka kwa sababu kesho angekukopa unga. Msemaji hakukopi chochote. Anachosema kinapimwa kwa idadi ya waliotazama, na kinachotazamwa zaidi ni kinachochoma zaidi. Shabiki wa kawaida amegeuka msambazaji: anapokea kejeli iliyopikwa ofisini, anaituma kwenye makundi kumi na mbili, na hajatunga neno lake mwenyewe tangu ligi ianze.

Michezo ya kubahatisha nayo imeleta unafiki mpya. Mwananchi aliyeapa kwamba Simba haiwezi kuifunga hata timu ya mtaa, ukimfungulia mkeka wake unakuta ameiweka Simba kushinda. Moyo una timu, mfuko una nyingine, na bao likiingia sura yake haijui ifuate upi.

Halafu kuna mechi zisizochezwa. Mei 8, 2021 dabi ilisogezwa kutoka saa 11 jioni hadi saa 1 usiku siku ileile. Yanga wakaja kwa saa waliyoijua, wakaonekana uwanjani, wakaondoka. Machi 8, 2025 Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha, na Yanga nao wakasema tarehe nyingine hawaitambui. Kwa miezi mitatu na zaidi viongozi walirushiana barua na vifungu vya kanuni, kila upande ukishangiliwa na watu wake kana kwamba barua ni bao. Mechi ikachezwa Juni 25, Yanga wakashinda 2-0 na kuchukua ubingwa. Mtu aliyepanda basi kutoka Songea au Kigoma mwezi Machi, akalipa nyumba ya wageni Kariakoo, akakaa nje ya uwanja na skafu yake mpaka jua likazama, hajatajwa katika barua hata moja. Hapo ndipo ninapoona hatari ya ushabiki usiohama: viongozi wanajua huendi popote.

Nimesikia wakisema mfumo wa hisa utaleta nidhamu. Simba walikubaliana kwamba wanachama wabaki na asilimia 51 na mwekezaji, Mohammed Dewji, achukue 49. Yanga nao wameandika upya katiba, wana rais, na wana mfadhili mkubwa nyuma yao. Fedha zimeleta wachezaji ambao kizazi cha Kibadeni kingewaona gazetini tu, na zimezifikisha timu zote mbili fainali ya Shirikisho, Yanga 2023 na Simba 2025. Wote wakakosa kombe. Yanga husema walishinda Algiers wakanyimwa kwa kanuni ya bao la ugenini. Simba hujibu kwamba wao fainali ya Afrika walishacheza 1993, wakati Yanga wakiitazama. Majadiliano haya hayana mwisho na hayatafuti mwisho.

Timu ya Taifa ndiyo mahali pekee ambapo watu hawa hulazimika kukaa upande mmoja, na hata huko wanakaa kwa hila. Ukienda kuitazama Taifa Stars utaziona jezi za Simba na Yanga zikiwa nyingi kama za taifa lenyewe. Kikosi kinapotangazwa, kabla ya kuuliza nani majeruhi, watu huhesabu wetu wangapi na wao wangapi, na kocha huchukiwa kwa hesabu hiyo. Wanaocheza nje nao hawajasalimika. Mbwana Samatta aliondoka Simba kwenda TP Mazembe mwaka 2011, akafika Genk, akafika Aston Villa, na Msimbazi bado wanamtaja kama mtu aliyetumwa dukani. Simon Msuva alitoka Yanga mwaka 2017, na Jangwani hawajamfuta kwenye daftari. Msuva akiifungia Stars, nusu ya jukwaa huruka kwa ajili ya nchi na nusu kwa ajili ya klabu, na kama pasi imetoka kwa Samatta, mjadala wa bao ni la nani unaendelea mpaka dakika ya tisini na kuingia ndani ya daladala.